Hewa ya Tangi la Tatu

Klaipėda, Februari. Theluji imelala juu ya mitungi ya gesi
na Vaidotas, mchomeleaji, ana haraka:
mguu mmoja keshautia kwenye tundu la tangi.

"Toa mguu," anasema Daiva.

Hapandishi sauti. Anateremsha kipimo kwa kamba
(kamba nimeishika mimi),
mita moja, mita tatu, hadi sakafuni.
Msimamizi anatazama saa. Meli inadaiwa Ijumaa.
"Tangi tupu hilo. Lina nini cha kuua?"

Halina kitu, na hicho ndicho kinachoua.
Kutu imefungiwa humo miezi minne,
na kutu nayo hupumua:
imeila hewa, haikumbakizia mgeni.

Kipimo kinalia. Kumi na moja kwa mia.
Daiva anafunga mnyororo mwekundu mdomoni mwa tangi,
anaandika saa, anatia sahihi kwa vidole vilivyokufa ganzi.
Feni inaletwa. Kazi imelala.
Wanamnunia hadi jioni, hata chai anakunywa peke yake.

Daktari huonyesha mshono, zimamoto huonyesha majivu.
Yeye aonyeshe nini?
Jeneza ambalo seremala hakulipima?

Usiku, ghorofa ya nne, Vaidotas anamenya viazi,
anamgombeza mwanawe kwa soksi zilizolowa,
anavuta pumzi ndefu ya hasira,
anaitoa,

anavuta nyingine.