Vipeperushi Vitatu

Mezani, kando ya bakuli la paka,
vipeperushi vitatu, na bastola
ingali sandukuni, mpya, haijanikosea.

Cha kwanza: Jumamosi moja tu, hapa Tulsa,
darasa, kahawa na donati,
risasi thelathini kwa karatasi isiyopumua,
jioni cheti mkononi. Bei ya viatu.

Cha pili: siku tatu na sajini mstaafu.
Kuchomoa chini ya koti,
kuchomoa umeketi garini, mkanda kiunoni,
kuchomoa kwa kushoto, mara mia tano,
hadi mkono ujue kabla ya moyo.
Shemeji yangu Virgil anakisifu.
Virgil husifu kila chenye kishindo.

Cha tatu ni ghala, na waigizaji.
Nikaenda kuonja kabla ya kulipa.

Taa hafifu, maegesho ya kuigiza,
nami na funguo za duka la dawa, kama usiku ule.
Mtu akaja, mkono mfukoni.
“Simama!” Sauti ikanitoka nyembamba kama uzi.
Hakusimama. Nikafyatua.
Rangi ya buluu ikamchanua kifuani.

Akafungua kiganja:
pampu ya pumu,
zile zile ninazouza kila siku,
ninazowaeleza watu, taratibu,
namna ya kuvuta pumzi.

Mkufunzi Odella hakunikemea.
Aliuliza tu: “Mlango ulikuwa wapi?”

Nyuma yangu. Wazi.

Nimelipia cha tatu.
Virgil anacheka: kulipa pesa ujifunze kutopiga!
Sanduku bado liko mezani. Paka amelilalia.