Ubao wa Shughuli

Kila asubuhi kabla ya chai naandika ubaoni kwa chaki:
saa tatu, mitumbwi. Saa tano, kuogelea na kasa
(walishe papai, msiwapande).
Saa nane, kurusha nazi kwenye tundu la mwamba:
bahari inavuta pumzi huko chini, kisha inaitema nazi
juu kupita minazi, na wageni wanapiga kelele
kama watu waliorudishiwa pesa zao.
Saa kumi, onyesho la umu, tala arobaini kwa kila kichwa.
Usiku: pweza, magimbi, samaki mbichi kwa ndimu,
na kwa asiyekula kilichowahi kupumua, tambi.

Safari hii alikuja Fuatino, kibanda namba sita,
pasipoti ya Nyuzilandi, kofia ya ukili ya dukani,
miaka hamsini na miwili nje ya Savaii.
Alizaliwa nyuma ya kanisa lile pale,
hatua mia nne kutoka kitanda alichokilipia.
Hakumwambia mtu. Sisi tulijua kabla hajashuka feri;
kisiwa hakina pazia.

Siku ya kwanza alilala.
Siku ya pili aliagiza samaki mbichi, akala taratibu,
akaniuliza kwa Kiingereza kama tui ni la kopo.
Nikasema, hapana, mama.
Lilikuwa la kopo.

Siku ya tatu hatukumpa jembe. Tulimpa mbuzi.
Bi Leitu ndiye aliyemsogezea, mbele ya Waholanzi wanne
na yule kijana wa Osaka mwenye kamera ya kuzamia,
mawe ya umu yakianza kuwa meupe kwa moto.
Fuatino akaketi, akabana gauni katikati ya magoti,
akashika kifuu.

Nilitaka mikono yake ikumbuke.
Nakiri, hadithi nilishaipika kichwani,
niwasimulie wenzangu tukisugua masufuria.
Mikono haikukumbuka chochote.
Alikuna kwa hasira, alikuna hadi kwenye kifuu,
chicha nyeupe ikaingia mabaka ya kahawia,
kidole kikachubuka, Siaki akakimbilia plasta.
Waholanzi wakapiga makofi.
Wao hupigia makofi kila kitu, hata jua likizama.

Ni pale tu alipokamua,
alipokusanya nyuzi za mgomba na kuzinyonga,
mara kulia, mara kushoto, tui likimchuruzika viwikoni,
ndipo neno likamtoka, si la Kiingereza,
neno la kumkaripia mtoto aliyesogea motoni.
Hapakuwa na mtoto.
Bi Leitu akarudi hatua moja nyuma.

Tukalifunga tui lile lenye mabaka
ndani ya majani machanga ya magimbi, na kitunguu,
tukapanga juu ya mawe pamoja na mashelisheli,
tukafunika. Kombe ikapulizwa kijijini kwa sala ya jioni,
barabara ikanyamaza, na hata mpishi wa tambi
akafumba macho, mwiko mkononi.

Mezani, kijana wa Osaka aliuma kipande cha kifuu,
akakitoa ulimini, akakitazama,
akakitia mfuko wa shati.
Fuatino alikula vifurushi vitatu.
Hakusema ni vitamu. Alisema, "Chumvi imepungua,"
na ilikuwa kweli.

Jumamosi akaja kulipa.
Siku tano, mtumbwi mmoja, kasa hakuna,
onyesho la umu, tala arobaini.
Bi Leitu akanikonyeza; nikaufuta mstari huo.
Fuatino akavaa miwani, akasoma bili juu hadi chini,
akaomba kalamu, akauandika upya kwa mkono wake,
akalipa, na akasubiri chenji yote, hadi sene ya mwisho.

Jumatatu nikaufuta ubao kwa kitambaa chenye maji.
Saa tatu, mitumbwi. Saa tano, kasa.
Saa kumi, onyesho la umu, na pembeni,
kwa herufi ndogo ambazo wageni hawazisomi:
tui si la kopo.
Kisha nikaenda kutafuta nazi.