Siuzi Mvua

Barua ya uhamisho ilinikuta Kabale
nikikaza koki ya tangi la shule.
Ripoti Moroto, tarehe mosi.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo:
gharama za malazi ya muda zitarejeshwa.

Zitarejeshwa. Nilitafuta mtu ndani ya neno hilo,
sikumwona.

Nilifika na godoro, sweta mbili zilizokosa kazi,
na mfuko ambao lori lilikuwa limeula wote.
Nyumba ya idara bado ilikuwa na mwenyewe:
fundi Okiror amestaafu, lakini kiinua mgongo chake
hakijatoka, naye hatoki.
Simlaumu.

Basi nikabisha kwa Mama Nakiru,
chumba cha tatu, nyuma ya stoo ya mtama,
elfu ishirini na tano kwa usiku.
Nikamwonyesha barua. Akaigeuza, akatazama mgongo wake,
akafuta mikono kwa leso.
"Lala. Wakikulipa, utanilipa."
Akanikatia risiti thelathini na nane
za pesa asiyoiona,
muhuri wa mpira ukigonga meza
kama mgeni abishaye hodi mahame.

Mhasibu Lomongin alizirudisha:
tarehe zimeandikwa kwa wino mwekundu.
Akazirudisha tena: jina langu lina herufi pungufu.
Mara ya tatu hakusema kitu.
Alizitia kwenye faili la kijani, faili likaenda Kampala,
na Kampala ni mbali, hata kwa karatasi.

Mwaka ukapita.
Nikikutana na Mama Nakiru sokoni
nilianza kujieleza kabla ya kusalimu.
Yeye aliniuliza tu kama nimekula.

Jumanne moja, ujumbe wa benki:
laki tisa na nusu, kamili, bila neno la ziada.
Nilikwenda kwa miguu, njia nyingine nikikimbia,
mtu mzima, na kitambulisho shingoni.

Alihesabu juu ya gunia la mtama, akilowesha kidole.
Akasukuma elfu hamsini upande wangu.
"Zile siku mbili paa lilivuja.
Ulikesha umeketi, beseni mapajani.
Mimi nakodisha chumba. Siuzi mvua."

Sasa noti hizo zimo katika daftari langu la mabomba,
mali ya serikali, zimenyooka.
Nimemwomba Lomongin fomu ya kurudisha.
Alifungua droo zote, moja baada ya moja,
akacheka,
kisha akaacha kucheka, akafungua tena ile ya kwanza.

Haipo.