Sado Moja ya Njegere

Sado moja, Kiborloni, na nyongeza ya kiganja.
Nimezimwaga kwenye ungo kati yetu,
wifi Aikande kwenye kigoda,
mimi juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Tangu matanga, tangu ugomvi wa ng'ombe,
hatusemeshani.

Kidole gumba kinabonyeza tumbo la ganda,
pwa,
kinateleza toka kichwani hadi mkiani,
sita zinarukia sufuriani.
Hili lina saba. Hili lina mbili na funza,
naye kanona kutushinda sote.

"Hizi zimekomaa," anaziambia njegere.
"Za chini ni changa," nazijibu njegere.

Julai hii ukungu umekuja mpaka mlangoni;
mlima haupo, wala hakuna aliyeuulizia.
Kucha zimegeuka kijani.
Punje moja imebingirika chini ya kabati,
tumeinama pamoja,
hakuna aliyeipata.

Sado nzima, na sufuria haijafika nusu!
Mlima wa leo ni maganda.

Aikande anayazoa kwenye beseni,
anajipangusa kwa kanga, anasimama.
"Nimpelekee ng'ombe," anasema.

Hakusema wa nani.
Mimi nikawasha jiko.