Kumposa Mshenga

Kiti cha meneja mkuu kina miezi saba hakijakaliwa.
Mlinzi hukipangusa vumbi kila Jumatatu
kama mtu aliyeachiwa kaburi la jirani alitunze.
Huku chini tangi la pili limepasuka kiunoni,
sabuni inatoka laini kama uji wa mgonjwa,
na Bujumbura wameandika mara mbili:
mzigo wetu uko wapi?

Bodi ikasema, tusimtafute mtu wenyewe.
Tukimtafuta wenyewe tutampata mpwa wa mtu.
(Bwana Bihemo akakohoa. Mpwa ni wake.)
Tutafute kwanza kampuni ya kumtafuta huyo mtu.
Nikacheka peke yangu:
tumefika mahali pa kumposa mshenga.

Wa kwanza alishuka na ndege ya asubuhi,
tiketi ya kurudia jioni ikichungulia mfukoni.
Picha zake ukutani: mishale juu ya mishale,
watu wenye meno meupe wakishikana mikono.
Ada, theluthi ya mshahara wa mwaka mzima,
nusu yake kabla hajanyanyua simu.
Nikamwuliza, "Mise unaijua?"
Akasema atamwagiza msaidizi wake aiangalie.
Na kila aliposema "huko Kigoma"
alikuwa amekaa Gungu, chai yetu mkononi.

Wa pili hakuja.
Alitokea kwenye simu ya mhasibu
iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai,
uso ukiganda, ukiyeyuka, mtandao ulivyotaka.
Siku kumi, alisema, majina matano.
Na kweli, siku ya sita yakafika.
La tatu ni la mtu aliyempeleka mwenyewe mwaka jana
kwa wenye kinu cha unga, pale Mwandiga.
Anapanda, anang'oa, anapanda kwingine,
na kila shimo analipwa.

Bi. Yustina Ntahondi alikuja na treni
iliyochelewa nusu siku, asilalamike;
amepata muda, alisema, wa kusoma hesabu zetu za miaka minne.
Hakutundika picha. Aliomba viatu vya mpira.
Akazunguka: tangi, tanuru, shimo la majivu,
choo cha wafanyakazi. Akafungua mlango, akafunga, akaandika.
Akamwuliza Kilozi, mpishi wetu wa sabuni,
"Meneja aliyepita, nani alimkasirisha kwanza?"
Kilozi akatazama ndoo yake.

Jioni, tumebaki wawili, akaniuliza mimi.
Nilikuwa na jibu la bodi, limepigwa chapa, lina muhuri:
Mhandisi Lusekelo aliondoka kwa sababu za kifamilia.
Nikalitoa. Akalisikiliza mpaka mwisho,
kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya dagaa:
"Ghala la mise lina funguo ngapi?"

Mkono wangu ukaenda kiunoni kabla yangu.
Marehemu mume wangu alinikabidhi akiwa kitandani
funguo tisa, zimefungwa kwa kipande cha kanga.
Miaka miwili Lusekelo aliniandikia vikaratasi,
"Mama, naomba madebe arobaini,"
mtu wa shahada mbili,
amesimama barazani akisubiri nimalize kunywa uji.
Vikaratasi ninavyo. Vimejaa boksi la viatu.

"Ada yangu si ndogo," akasema,
"lakini sitampigia simu mtu yeyote
mpaka nijue namwitia kiti
au kigoda cha mgeni."
Akarudisha viatu vya mpira, ameviosha.

Kesho bodi inakaa.
Bihemo atasema mwanamke huyu ni ghali,
atasema hana adabu,
hana hata ofisi yenye lifti.
Jina lake nimeshaliandika.
Funguo nimezifungua kwenye kanga,
nimezipanga mezani kando ya mkataba.
Nane.
Wa tisa nimeufumbata,
umeshapata joto la mkono.