Namba Kwenye Kidirisha

Keti hapa, Batsaikhan, vua kofia.
Usiniambie unavyojisikia,
nionyeshe pampu yako ya kahawia.

Mia na ishirini. Imejaa.
Unayo tangu lini? Septemba.
Leo ni Januari, Ulan Bator imeganda hadi kwenye mabomba,
na kidirisha hiki kidogo hakijui kusema uongo.

Usione haya. Yangu ilikaa mwaka mzima
nyuma ya kopo la chai,
huku ile ya buluu nikiivuta kama sigara:
mlangoni, kitandani, juu ya lori,
kati ya gunia la arobaini na la arobaini na moja.
Ndiyo, magunia. Makaa ya mawe.
Mtaa wetu wote wa mahema pale kilimani
ulichemsha supu kwa moto niliouza mimi,
na jioni moshi ukanirudia kudai chake.
Bado nauza. Usiniulize.

Ya buluu ukiiita inakuja,
inafungua mlango kwa teke.
Ya kahawia unaivuta asubuhi, husikii kitu.
Unaivuta jioni, husikii kitu.
Nikasema: dawa gani hii, bubu?
Muuguzi Erdenechimeg alicheka hadi miwani ikamteleza.
"Dashnyam, ukiziba ufa wa hema Septemba,
Januari unasikia nini?"
Sisikii kitu, nikamjibu.
"Basi hiyo ndiyo kazi yake."

Sasa tikisa.
Toa pumzi yote, kama mtu anayekiri deni.
Midomo ifumbe, bonyeza, vuta
polepole, polepole! Si supu ya moto hiyo.
Ibane. Hesabu hadi kumi.
(Mimi huhesabu magunia.)
Kisha sukutua, tema kwenye ndoo,
la sivyo ulimi utaota ukungu mweupe
na kila chakula kitakuwa na ladha ya sarafu.

Vidonge je?
Vidonge nitakusimulia mimi, maana mimi ndiye niliyevimba.
Uso ulijaa kama mkate,
binti yangu akaishika picha ya harusi, akauliza
huyu baba mwembamba amekwenda wapi.
Usiku huohuo nikavitupa vyote jikoni motoni.
Siku ya tatu walinibeba kwenye blanketi,
midomo ya zambarau,
mke wangu akiwatajia majina ya dawa
ambazo hakujua kuwa nimezichoma.
Usifanye hivyo. Ukichoka, sema umechoka.
Wana ngazi yao, unashushwa kidato kwa kidato.

Na karatasi hii, kijani, njano, nyekundu,
ibandike mlangoni, usiihifadhi moyoni.
Siku kifua kikifunga
moyo hausomeki.
Mwonyeshe mama yako wapi pa kupiga simu.
Mwonyeshe na jirani, hata yule mlevi.

Unauliza kama nimepona.
Neno hilo hapa hatulitumii sana.
Jana niliamka saa tisa usiku, saa yangu ya zamani
ya kukaa kitako nikigombania hewa na giza.
Nikangoja.
Mbwa akabweka upande wa mtoni,
mke wangu akakoroma, akageuka.
Kifuani, kijana wangu,
sikusikia kitu.
Nikalisikiliza hilo kwa muda mrefu.

Haya. Mara ya pili.
Tikisa.