Paa Likiwa Chini

Jumatatu walishusha bati la mwisho,
nyumba ya Majengo ikabaki wazi
kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.
Mimi, Aikande, mwalimu mstaafu wa hesabu,
nikasimama katikati ya sebule
nikitazama mawingu yakishuka kutoka Kibosho
bila hodi.

Mrindoko ana mkataba mkononi, umelowa jasho.
"Mama, nyumba ni yako. Bima kata wewe."
Nikamuuliza: funguo za geti anazo nani?
Saruji iliyo stoo ni ya nani,
na mbao za kupaulia ambazo sijamaliza kuzilipa?
Cheche ikiruka kwenye mashine yako ya kuchomelea,
moto huo utauita wangu?
Akacheka. Akakuna kidevu.
Hakujibu.

Wahenga walituachia: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Sawa. Tunaujenga.
Ila hawakusema, ukuta ukiwa nusu
na mvua ya Aprili ikaulaza kwa jirani,
juu ya banda la mitumba la Mama Swaumu,
nani atie mkono mfukoni.

Bima ninayo, ndiyo. Tangu enzi za marehemu Elinami.
Nikaibeba hadi ofisini kwao, ghorofa ya pili,
si mbali na Mnara wa Saa.
Binti wa pale akaifuata kwa kidole,
maandishi madogo kama mayai ya chawa:
nyumba ikikaa bila mkazi zaidi ya siku thelathini,
nyumba ikibomolewa au kuongezwa bila taarifa,
kinga inakoma.
Miaka kumi na tisa nimelipia
nyumba iliyosimama.
Inayosimamishwa haimo.

Shemeji Ndelilio akapiga simu kutoka Machame:
"Bima ya nini? Mungu hulinda."
Nikamwambia Mungu hatunzi risiti za nondo.
(Baadaye nilitubu. Kidogo.)
Benki nao, wanaoshikilia hati,
wakaandika barua ya mistari minne:
kwao si neno ni nani, mradi yupo.

Usiku nikaketi na daftari la mraba
kama nilivyowafundisha darasa la sita:
piga mstari katikati.
Kushoto kuta za zamani, sakafu, mlango wa mninga,
vyangu hivyo, vilikuwepo kabla yake.
Kulia nguzo mpya, zege lisilokauka, mashine, jukwaa,
vyake hivyo, hadi siku ya kukabidhi.
Lakini pale nondo mpya inapozama
ndani ya ukuta wa zamani,
mstari ulikataa kupita.
Nikafuta. Nikapiga tena.
Ukakataa.

Basi karatasi iwe moja, nikasema asubuhi,
na majina mawili, langu na la Mrindoko,
asiwepo wa kumsukumia mwenzake majivu.
Yeye alipie kazi, mimi nilipie ukongwe,
mpaka funguo zirudi mkononi mwangu.
Akawaza kitambo, akipiga hesabu kwa vidole.
Akakubali. Akaenda kunawa.

Ndipo kijana apandishaye ndoo za zege,
Mbazi, mtoto wa Same, hana hata kofia,
akauliza kutoka juu ya mirunda,
mguu mmoja ukining'inia:
"Mwalimu, na mimi nipo upande upi wa daftari?"

Nikainama kwenye mraba.
Nguzo nilizihesabu.
Mifuko ya saruji, mia na arobaini.
Mlango wa mninga niliuandikia thamani yake, na senti.
Yeye sikumwandika.

Tone la kwanza likaangukia ukurasa,
likaivuruga wino safu ya kulia.
"Shuka kwanza," nikamwambia, "chai ipo."
Nikamwita Mrindoko
arudi na kalamu.